Swing kwa anayeanza: miguu kwanza, kurushana baadaye

Wengi wanaonijia hapa Kisumu wameona video za watu wakirushwa hewani, na ndicho wanachotaka. Tulia kwanza. Lindy Hop, aina ya swing, yaani dansi ya muziki wa jazz, ilizaliwa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mitindo ya kurushana ikaingia katikati ya miaka ya 1930, ikiletwa na wachezaji kama Frankie Manning ambao miguu yao ilikuwa imeshaiva.

1. Chagua wimbo. Wanamuziki wa jazz Count Basie au Duke Ellington watakufaa. Hesabu mapigo kwa sekunde 15: yakifika 30 hadi 35, huo ni mwendo wa mwanafunzi. Benga iache kwa sasa, gitaa lake litakukimbiza.

2. Viatu. Malapa hapana. Raba mpya hung'ang'ania sakafu ya saruji, ukigeuka goti ndilo linaumia. Vaa zilizolika soli, au viatu vya soli ya ngozi. Fagia mchanga kwanza.

3. Legeza magoti. Aliyezoea ngoma ya ohangla huja na mabega na kiuno tayari, lakini mdundo wa swing unazama chini, magotini. Simama papo hapo uuitikie hivyo wimbo mzima kabla hujapiga hatua.

4. Sasa hatua zenyewe, kwa mapigo sita, na hapa usiharakishe. Anayeongoza: 1, kanyaga kushoto, 2 unatulia, 3, kanyaga kulia, 4 unatulia, 5, mguu wa kushoto unarudi nyuma kidogo, 6, uzito unarudi mguu wa kulia. Anayefuata anaanza na mguu wa kulia na kufanya kinyume chake.

Shida huwa kwenye 5. Watu hugusa tu sakafu kwa ncha ya kiatu, uzito ukabaki mbele, kisha 1 inafika na hawajui wainue mguu upi. Jipime: ukifika 5, inua mguu wa mbele. Ukishindwa, uzito hukuuhamisha. Na hatua iwe fupi. Ukirudi nyuma mbali utamvuta mwenzako.

Utagundua pia kwamba muziki unakwenda kwa nane na wewe kwa sita. Hujapotea. Ukirudia mara nne umefikisha 24, yaani nane tatu kamili, na mnakutana tena.

5. Tafuta mwenzako. Kuongoza si lazima awe mwanamume. Kwangu kila mtu hujifunza pande zote mbili. Shikaneni vidole bila kubana, viwiko mbele ya mbavu. Anayeongoza asisukume kwa mkono: asogeze mwili, mkono utafuata. Badilishaneni wenzi kila wimbo, hata kama umekuja na mchumba wako.

6. Mkiweza kupiga soga bila miguu kuchanganyikiwa, jaribuni mzunguko. Inua mkono kwenye 1, mwenzako apite chini yake, na muwe mmetazamana tena kabla ya 5.