Kupanga maktaba kubwa ya vitabu vya kujifunza Biblia kwenye kompyuta

Maktaba iliyopangwa hupimwa kwa swali moja. Ukiambiwa Jumapili utafundisha Warumi 8, itakuchukua muda gani kuona kila ulicho nacho juu ya sura hiyo? Ikiwa unafungua folda moja baada ya nyingine na kubahatisha majina ya faili, vitabu unavyo ila maktaba huna.

Wengi huanza kwa folda: Agano la Kale, Agano Jipya, Mahubiri, Kamusi. Hadi vitabu mia hivi njia hiyo inakwenda, zaidi ya hapo inakwama. Chukua kitabu kinachoeleza kuhesabiwa haki kwa imani kutoka Warumi na Wagalatia. Kiwekwe wapi: Warumi, Wagalatia, au Wokovu? Ukikiweka mahali pamoja, kwa anayetafuta kwingine hakipo. Ukikinakili mara tatu, baada ya mwezi hujui ni nakala ipi uliyoipigia mistari. Kinachohitajika ni programu inayotunza kitabu mara moja tu na kukiita kwa njia nyingi. Tunapendekeza Calibre: ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti.

Kusanya kwanza, usipange

Tengeneza folda moja uiite MAPOKEZI, umwage humo kila kitu: vya kwenye flashi, vya kwenye barua pepe, vya kwenye simu. Kwenye simu nyingi za Android, vitabu vilivyotumwa kwa WhatsApp viko kwenye Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents, na vingi vina majina kama DOC-20230514-WA0012.pdf. Jina hilo linakwambia tarehe na namba tu. Usipoteze muda kulibadilisha sasa, maana jina sahihi litaandikwa ndani ya Calibre.

Angalia nafasi ya diski kabla ya kuendelea. Calibre haihamishi faili, inazinakili. Mzigo wa GB 60 unahitaji GB 60 nyingine tupu hadi utakapofuta MAPOKEZI.

Safu mbili, kabla ya kuingiza kitabu hata kimoja

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Fungua Preferences, kisha Add your own columns, utengeneze safu mbili. Ya kwanza iite kitabu, ya pili aina. Zote mbili zichagulie mtindo wa Comma separated text, like tags, ili kitabu kimoja kiweze kubeba thamani zaidi ya moja.

Safu ya kitabu ni ya vitabu vya Biblia, na kila kimoja kiandikwe na namba yake: 01-Mwanzo, 19-Zaburi, 23-Isaya, 40-Mathayo, 45-Warumi, 58-Waebrania, 66-Ufunuo. Bila namba, kompyuta itakupangia kwa alfabeti: Danieli atatangulia Mwanzo, na 1 Wakorintho atakaa juu hata ya Mwanzo. Sifuri ya mbele usiisahau, kwa kuwa programu nyingi hupanga 1, 10, 11, kisha ndipo 2. Namba pia inaokoa tofauti za tafsiri: mmoja akiandika Mithali na mwingine Methali, 20 ni ileile.

Kwa Wakatoliki wenye vitabu 73, tunashauri vile saba vya deuterokanoni vipewe 67 hadi 73 badala ya kuviingiza katikati. Tobiti akikaa mahali pake baada ya Nehemia, namba zote zinazofuata zinasogea, na orodha yako haitalingana tena na ya mtu mwingine unayeshirikiana naye.

Ongeza thamani tatu za jumla: 00-Biblia yote, 00-Agano la Kale, 00-Agano Jipya. Hizi ni za vitabu vipana. Ufafanuzi wa juzuu moja kwa Biblia nzima usiupe thamani 66, upe 00-Biblia yote basi. Ufafanuzi wa juzuu nyingi ni habari nyingine. Ule wa Matthew Henry, kwa mfano, una juzuu sita katika chapa ya kawaida, na ya tano ni Injili nne. Hiyo ipe 40, 41, 42 na 43. Juzuu ya sita, Matendo hadi Ufunuo, ipe 44 mpaka 66, na kwenye maelezo andika kwamba Henry alifariki mwaka 1714 akiwa amefika mwisho wa Matendo. Nyaraka na Ufunuo vilimaliziwa na wachungaji wengine. Mtu asije akanukuu ufafanuzi wa Warumi kwa jina lake.

Safu ya aina iwe fupi. Kumi zinatosha: tafsiri, ufafanuzi, kamusi, itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na aya yalimo), atlasi, lugha, historia, mahubiri, mwongozo wa masomo, tafakari. Ukiona unataka ya kumi na tano, ujue umeanza kuandika mada. Mada zina nafasi yake kwenye Tags: wokovu, ndoa, maombi, Roho Mtakatifu.

Kuingiza, hamsini hamsini

Usiingize elfu tatu kwa siku moja. Ingiza 50, zimalize, ndipo uchukue nyingine. Kwa mwendo huo vitabu 3,000 ni siku 60 za kazi, na kila siku unabaki na maktaba inayotumika, hata kama ni ndogo.

Kabla ya kuvuta taarifa kutoka intaneti, nenda Preferences, Metadata download, uondoe alama kwenye Tags. Ukiiacha, kitabu kimoja kitakuletea mada kadhaa za Kiingereza, na orodha uliyoitunza itajaa takataka kwa usiku mmoja. Vitabu vingi vya Kiswahili havipatikani huko kabisa. Hivyo fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya jina la kitabu, unakili kwa mkono: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, ISBN.

Jina la mwandishi liandikwe bila cheo. Mch., Askofu na Dkt. vikiingia, mtu mmoja anageuka watu watatu kwenye orodha. Waandishi wawili watenganishwe kwa alama ya &, si kwa koma. Walioingia vibaya utawarekebisha wote pamoja kwenye Manage authors.

Vitabu vya mfululizo vina nafasi yao ya Series. Kwa Lesoni ya shule ya Sabato, namba iwe mwaka na robo: 2019.3 ni robo ya tatu ya 2019. Calibre inakubali desimali, kwa hiyo miaka kumi ya lesoni itajipanga yenyewe. Juzuu zilizoskaniwa za vitabu vya zamani zisikudanganye: mara nyingi faili zote zina jina lilelile, na namba ya juzuu iko kwenye ukurasa wa jina tu, tena kwa tarakimu za Kirumi.

Vitabu ulivyonunua ambavyo vimefungwa ndani ya programu ya muuzaji, na hata vile vya karatasi vilivyo rafuni, viandikie rekodi tupu kwa Add empty book. Kwenye maelezo sema kiko wapi. Ukitafuta Warumi, na hivyo vitajitokeza.

Swali la Warumi 8

Sasa andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

#kitabu:"=45-Warumi" or #kitabu:"=00-Agano Jipya" or #kitabu:"=00-Biblia yote"

Utaona ufafanuzi wa Warumi pamoja na vitabu vipana vinavyoigusa. Ongeza mabano kuzunguka sentensi hiyo, kisha and #aina:"=ufafanuzi", na kamusi zitajiondoa. Utafutaji unaourudia uhifadhi kwa jina, usiuandike kila wiki.

Maandalizi yako mwenyewe nayo yaingie humu. Ila kumbuka Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili. Warumi 8:28 itakataliwa. Andika Warumi 8.28, na ushike mtindo huo daima.

Zaburi zinahitaji uangalifu wa pekee. Vitabu vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, hasa vya Kikatoliki vya zamani, huunganisha Zaburi ya 9 na ya 10. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Zaburi zinazofuata ziko nyuma kwa moja: "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 22 humo, si ya 23. Hesabu hukutana tena kwenye 148. Kitabu cha namna hiyo kipe tag ya hesabu ya Kigiriki, ili anayekifungua asidhani ufafanuzi umekosewa.

PDF zisizosomeka na kompyuta

Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, hiyo ni picha, na hakuna utafutaji utakaoona kilichomo. Kuanzia toleo la 6, Calibre inatafuta ndani ya maandishi ya vitabu vyote kupitia kitufe cha FT, lakini picha inaziruka. Kwenye Ubuntu (aina ya Linux), sakinisha ocrmypdf na tesseract-ocr-swa, zinazosoma herufi zilizo kwenye picha na kuzifanya maandishi, kisha andika kwenye Terminal:

ocrmypdf -l swa+eng --skip-text kale.pdf mpya.pdf

Kitabu chenye Kiyunani cha Agano Jipya ongezea grc, chenye Kiebrania heb, baada ya kusakinisha lugha hizo. Kitabu kinene kinaweza kuchukua muda mrefu, hivyo kiache usiku kompyuta ikiwa kwenye chaji. Asubuhi tafuta neno kama imani ulinganishe na kurasa mbili tatu. Likikosekana mahali unapoliona kwa macho, skani ni hafifu. Iliyo chini ya dpi 300 mara nyingi huharibu herufi.

Ukiwa na EPUB na PDF za kitabu kilekile, tunza zote ndani ya rekodi moja. EPUB inasomeka vizuri kwenye simu, PDF ina namba za kurasa za kunukuu. Kwa nakala zilizorudiwa, sakinisha kiongezi cha Find Duplicates, uanze na ulinganisho wa binary, unaokamata faili zinazofanana kabisa. Ulinganisho wa majina uje baadaye, nao uukague kwa macho: chapa ya muhtasari na chapa kamili huwa na jina karibu sawa, na watu wamefuta iliyo kamili.

Yanayoharibu maktaba

Usiguse folda za Calibre kwa mkono. Faili ya metadata.db ndiyo inayokumbuka kila kitabu kilipo. Ukibadilisha jina kupitia File Explorer, kitabu kinabaki kwenye orodha lakini hakifunguki. Pia usiweke maktaba hai kwenye folda inayojisawazisha na Google Drive au Dropbox. Calibre ikiandika huku huduma nayo inapakia, hifadhidata inaweza kuharibika.

Funga Calibre, ndipo unakili folda nzima ya maktaba kwenye diski ya nje, kila wiki unapoongeza vitabu. Diski ya pili ikae nyumba nyingine au ofisi ya kanisa. Ikiwa inatumika kwenye Windows na Mac, ifomati kwa exFAT. Hifadhidata ikiharibika umeme ulipokatika, usifute kitu: kila folda ya kitabu ina metadata.opf, na Library maintenance, Restore database, itajenga orodha upya kutoka humo. Baada ya kunakili, fungua vitabu vitano kutoka kwenye diski yenyewe, vikiwemo viwili vya mwisho kuingizwa.

Kusoma kwenye simu, bonyeza Connect/share, Start Content server. Washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta, kisha kwenye kivinjari cha simu andika anwani unayoonyeshwa, inayoishia na :8080. Vitabu havili bando, kwa sababu vinapita kati ya vifaa viwili tu. Ukurasa ukigoma kufunguka, mara nyingi ni firewall ya Windows: ruhusu Calibre kwenye mtandao wa aina ya Private, ujaribu tena.