Bustani ya mboga Tanga: kazi za kufanya kabla masika hayajashika

Upepo wa kaskazi ukianza kulegea na joto la Februari likiwa kali, majembe mengi hapa mjini bado yameegemezwa ukutani, wenyewe wanangojea mvua. Ndugu zangu, msingoje. Mboga za masika hutayarishwa udongo ukiwa mkavu. Mvua ikishashika, ardhi huwa nzito, magugu humshinda mpaliliaji, na mbegu ndogo kama ya mchicha husombwa na maji usiku mmoja.

Masika ya pwani yetu ni Machi hadi Mei, na kwa kawaida Aprili na Mei ndiyo yenye maji mengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu. Usikilizeni, maana wiki mbili tu za kuchelewa au kuwahi zinabadilisha tarehe ya kusia mbegu. Mimi kazi nzito naitaka ianze katikati ya Februari.

Hatua ya 1: Jua maji yatapita wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo inayoua mboga nyingi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 pale unapotaka kupanda. Lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama baada ya saa tatu au nne, hapo mizizi itakosa hewa mvua zikizidi. Si lazima uhame. Inua matuta yako yafike sentimita 25 au 30, na kati ya tuta na tuta acha njia ya futi moja na nusu ambayo ndiyo mfereji. Yakinywea haraka, una kichanga, na tuta la sentimita 15 linatosha.

Upana wa tuta usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo uliolimwa. Kiwanja kikiwa na mteremko, laza matuta kukatisha mteremko. Angalia na maji ya bati: paa lisilo na mfereji humwaga maji kwa nguvu mahali pamoja, na tuta lililo chini yake halidumu. Nyoosha mistari kwa kamba ya mkonge. Watu wa Tanga hatuna sababu ya kununua ya plastiki.

Wakati huohuo ng'oa sangari na ndago pamoja na mizizi yake. Ndago ukiikata kwa jembe na kuacha viazi vyake vidogo ardhini, umeipanda upya.

Hatua ya 2: Lisha udongo mapema

Kichanga cha pwani hakishiki maji wala chakula. Dawa yake ni samadi na mboji. Kwa kila mita moja ya mraba weka debe moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, changanya na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 20, kisha mwagia maji kidogo na uache wiki mbili kabla ya kupanda. Samadi iliyooza haina harufu kali, ni nyeusi, na ukiishika haina joto. Ya kuku ni kali: ioze mwezi mzima au zaidi ikiwa imefunikwa, na robo ya debe inatosha kwa mita hiyohiyo. Ukiiweka mbichi, miche itaungua mizizi na utadhani imekosa maji.

Kuhusu majivu, nina neno. Watu huyamwaga kila mahali kwa nia njema. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na udongo ulio juu ya matumbawe, kama wa Raskazone, hauna uchachu wa kupunguzwa. Hapo yanaongeza shida. Yaweke kwenye mboji kwa kiasi kidogo tu, au umpe jirani mwenye udongo mchachu.

Hatua ya 3: Kitalu

Pilipili, biringanya na ngogwe (nyanya chungu) husiwa kitaluni wiki tano au sita kabla ya kuhamishiwa bustanini. Hesabu kurudi nyuma: ukitaka kuhamisha mwisho wa Machi ardhi ikiwa imelowa vizuri, mbegu ziingie kitaluni katikati ya Februari. Hapo ndipo wengi huchelewa, mvua inakuja na miche bado ina majani mawili.

Kabla ya kusia, jaribu mbegu. Weka kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja, ngogwe na pilipili uzipe hadi siku kumi na mbili. Zikiota chini ya sita, nunua nyingine. Dukani soma pakiti: tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwa ngogwe, Tengeru White na DB3 ni aina zinazofahamika na huzaa vizuri.

Kitalu kiwe na upana wa mita moja. Chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina kisizidi sentimita moja, tawanya mbegu ziachane, fukia kwa udongo laini na ufunike kwa nyasi kavu. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na jioni. Siku utakapoona miche inachungulia, ondoa nyasi jioni ileile, maana ukichelewa itarefuka na kuwa dhaifu. Juu weka kichanja cha makuti, kimo cha mita moja. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza makuti kidogo kidogo na punguza maji. Mche uliozoea kivuli na kubembelezwa hauhimili jua la Tanga.

Nyanya sikuzitaja, na ni kwa makusudi. Ninaona watu wakiumia kila masika. Majani yakilowa mfululizo, ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani huingia na tuta zima hukauka kwa siku chache. Kwa bustani ya nyumbani, sia nyanya katikati ya Mei, hamisha Juni mvua zinapopungua na kusi imeleta ubaridi. Utavuna Agosti na Septemba bila kugombana na dawa.

Hatua ya 4: Mbegu za moja kwa moja

Mchicha, bamia, kunde na mlenda havihitaji kitalu. Mbegu ya mchicha changanya na mchanga mkavu ili isimwagike kwa fungu, sia kwenye mistari ya sentimita 20, fukia kidogo sana. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa wa kwanza. Usisie tuta zima siku moja, sia theluthi kila baada ya wiki mbili ili mboga isikatike jikoni.

Bamia loweka usiku kucha, weka mbegu mbili kwa shimo, sentimita 60 kati ya mstari na mstari na 40 kati ya shina na shina, kisha bakiza mche mmoja wenye afya. Ikianza kuzaa, karibu miezi miwili baadaye, ichume kila baada ya siku mbili. Bamia iliyokomaa mtini huuambia mmea kwamba kazi imekwisha. Matembele ni rahisi kuliko yote: vipande vya marando (mashina ya viazi vitamu) vya sentimita 30, vifundo vitatu chini ya udongo, mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha.

Kisha funika udongo kati ya mimea kwa nyasi kavu au majani, usigusishe na shina. Na zungushia uzio wa fito na makuti kabla ya kupanda. Kuku humaliza kitalu kabla hujarudi kutoka sokoni.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nakaa Ngamiani, ua wetu wote ni saruji. Nitapanda wapi?*

Marahaba mwanangu. Panda kwenye ndoo mbovu na viroba. Toboa matundu matano au sita chini, changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja na mchanga moja. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chumvi. Kiroba cha kilo 25 kinabeba shina moja la ngogwe au la pilipili, na beseni lililotobolewa linatosha mchicha. Viinue juu ya matofali maji yapate kutoka, na usiache maji yakisimama kwenye visahani, mbu watazaliana.

*Mwalimu, mboga zangu huwa majani machanga yanageuka njano lakini mishipa inabaki kijani. Nipo Raskazone. Niongeze urea?*

Hapana dada, urea haitatibu hilo. Dalili hizo kwenye udongo wa matumbawe mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma: yamo ardhini lakini mmea hauwezi kuyachukua. Acha majivu kabisa, jaza mboji na samadi kila msimu, na inua matuta kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine kama unaweza. Kunde zikikusumbua sana hapo, jaribu mboga nyingine kwanza.

*Miche yangu iliota vizuri, sasa inalegea shingoni na kulala. Udongo una maji ya kutosha.*

Maji hayo ndiyo yanayoleta tatizo, kaka. Ni kinyaushi, ukungu unaoshambulia shina usawa wa udongo. Toa iliyolala pamoja na udongo wake, punguza miche iliyosongamana, mwagilia asubuhi tu, na fungua makuti upande mmoja hewa ipite. Msimu ujao kitalu hamishia mahali pengine.

*Mwanangu, mimi bibi yako wa Pongwe. Nataka kabichi na karoti, mbona hukuzitaja?*

Shikamoo bibi. Hizo zinapenda ubaridi, ndiyo maana za Lushoto zinapendeza na zinatufikia soko la Mgandini kila siku. Kwa joto la huku chini kabichi za aina nyingi hazifungi vizuri. Ardhi yako ipe ngogwe, kunde na matembele, na kabichi ununue. Ukitamani sana, jaribu mashina machache wakati wa kusi, Juni, uchague aina iliyoandikwa kwamba inavumilia joto.

*Mvua imenyesha siku mbili, nimeshaandaa kila kitu. Nipande zote?*

Chimba kwanza. Udongo ukiwa na unyevu hadi kina cha kiganja kizima, sia nusu ya mbegu za kunde na bamia. Ukikuta pakavu chini ya vidole viwili, hiyo ni mvua ya kupita. Nusu iliyobaki iweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mahali penye kivuli, hadi mvua zifuatane. Miche ya kitaluni usiihamishe bado. Ukihamisha, fanya saa kumi jioni au siku ya mawingu, kitalu kikiwa kimemwagiliwa saa moja kabla ili mizizi itoke na udongo wake.