Jinsi ya kusoma takwimu za ugaidi za Uingereza: waliokamatwa, walioshtakiwa, walioko rumande

Kila robo mwaka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hutoa takwimu za watu waliokamatwa kwa tuhuma za ugaidi. Vyumba vingi vya habari hunyakua namba ya waliokamatwa na kuishia hapo. Ukitaka kujua yaliyowapata baadaye, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Pakua majedwali yenyewe. Muhtasari hautoshi. Majedwali ya herufi A ni ya waliokamatwa, C ya mahakamani, P ya magerezani. Andika pembeni kipindi kinachohusika na eneo. Hesabu ya ukamataji inaanzia 11 Septemba 2001 na inahusu England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina hesabu zake mbali.

Hatua ya 2: Angalia mtu alikamatwa kwa sheria ipi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 kinampa polisi saa 48 za kumshikilia mshukiwa. Zikipita, lazima mahakama iridhie, na mwisho kabisa ni siku 14. Wengine hukamatwa kwa sheria ya kawaida ya polisi, ambayo kikomo chake ni saa 96. Jedwali la muda wa kushikiliwa ni la watu wa kifungu cha 41 tu, basi usiligawanye kwa jumla ya waliokamatwa wote.

Kikomo chenyewe cha kifungu cha 41 kimehamahama. Kilianza siku 7, kikawa siku 14 mnamo Januari 2004, kikapanda hadi siku 28 mnamo Julai 2006, kikarudi siku 14 mnamo Januari 2011. (Tony Blair, waziri mkuu wa wakati huo, alitaka siku 90, Bunge likamkatalia Novemba 2005.) Ukikuta watu walioshikiliwa zaidi ya wiki mbili, tazama mwaka kwanza.

Hatua ya 3: Fuatilia matokeo, polepole. Hapa ndipo wengi huteleza. Aliyekamatwa anaweza kushtakiwa, kuachiwa bila mashtaka, kutoka kwa dhamana, au kuchukuliwa hatua nyingine, kwa mfano kukabidhiwa idara ya uhamiaji. Na "kushtakiwa" kuna mafungu: yapo makosa ya ugaidi, na yapo mengine kabisa, kama dawa za kulevya zilizokutwa wakati wa upekuzi. Ndani ya fungu la ugaidi, baadhi wameshtakiwa kwa sheria za ugaidi, na wengine kwa sheria za kawaida, kama ya mauaji, ila kesi inahusiana na ugaidi. Mwenye mashtaka kadhaa huhesabiwa mara moja, kwa kosa kuu.

Chukua mfano wa kubuni: wamekamatwa 40, wameshtakiwa 12, wameachiwa 13, na 15 wako nje kwa dhamana ya polisi. Mhariri atataka "asilimia 30 tu ndio walioshtakiwa". Mkatalie. Hao 15 bado hawajaamuliwa, na robo ijayo namba itabadilika. Andika: "hadi takwimu zilipofungwa, 12 kati ya 40 walikuwa wameshtakiwa, 15 wanasubiri uamuzi."

Hatua ya 4: Tenganisha kituo cha polisi na rumande. Siku 14 zile ni kabla ya mashtaka. Rumande huja baada ya mashtaka, gerezani, mtu akisubiri kesi au adhabu. Jedwali la magereza ni picha ya siku moja, mwisho wa robo, na wengi waliomo walikamatwa miaka ya nyuma. Kuchukua waliokamatwa mwaka huu ukatoa walioko rumande hakukupi kitu chochote.

Hatua ya 5: Mruko ukitokea, tafuta tukio. Takwimu zilizotolewa Machi 2018 zilionyesha watu 412 walikamatwa mwaka 2017, kutoka 261 mwaka 2016, yaani ongezeko la asilimia 58. 2017 ndio mwaka wa mashambulizi ya Westminster, Manchester na London Bridge. Mruko wa 2025 ni wa namna nyingine: Palestine Action, kundi la wanaharakati wanaoitetea Palestina, ilipigwa marufuku Julai, na tarehe 9 Agosti polisi wa London walikamata watu 532 kwa siku moja, karibu wote kwa kuonyesha kuliunga mkono kundi hilo, wengi wakiwa na mabango tu. Mtu wa bango na mtu wa bomu wameingia safu moja ya "waliokamatwa". Jedwali la makosa ndilo litakalokutofautishia.

Hatua ya 6: Hifadhi faili la zamani. Toleo jipya hurekebisha robo zilizopita. Unapolinganisha miaka, chukua namba zote kwenye toleo la karibuni, na utaje tarehe yake.