Kabla hujampeleka mzazi kupima moyo

Ukishaamua kumpeleka mzazi kupima moyo, iwe hospitali ya Maweni hapa Kigoma au kituo cha afya cha jirani, kaa naye jioni moja kabla. Kuna maswali ya daktari ambayo mashine haiwezi kuyajibu.

Anza na ukoo. Baba au kaka aliyeugua moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, humwongezea hatari. Huku kwetu tunasema fulani alianguka tu shambani, na habari inaishia hapo. Uliza alikuwa na umri gani, na siku zile alilalamikia nini.

Kwa mwanamke, usiziruke mimba zake. Mama yangu mdogo wa Ujiji aliulizwa kama aliwahi kuwa na presha, akasema hapana. Kadi yake ya kliniki ilikuwa sandukuni, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto, na kwenye mstari wa mwezi wa nane imeandikwa 160/110. Presha ya mimba, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba huacha hatari kwenye mishipa ya moyo miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa. Itafute kadi hiyo, uende nayo. Andika pia hedhi ilikoma lini, kwani baada ya hapo hatari ya mwanamke hupanda. Ya mwanamume hutangulia kwa takriban miaka kumi.

Tumbaku ihesabiwe hata kama aliacha. Bibi zetu hatuwaulizi kwa kuwastahi, waulize taratibu.

Jikoni, angalia mawese. Karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Simwambii mtu wa Kigoma ayaache, ila yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye dagaa.

Asubuhi asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupimwa presha. Aende haja ndogo, kisha akae dakika 5 ameegemea. Dawa zote zibebwe, za kienyeji zikiwemo.

Na kama usiku huo kifua kitambana, au atoke jasho la baridi, ahisi kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, au achoke ghafla kupita kawaida kama inavyowatokea wanawake wengi, usingoje kukuche. Tafuta usafiri muondoke.