Kumsaidia Anayesuasua Kusoma Kiingereza kwa Nyenzo za Mtandaoni
Kabla ya kufungua tovuti yoyote, mpe mwanafunzi aya fupi ya Kiingereza aisome kwa sauti, kisha umsomee wewe aya nyingine ya kiwango hicho hicho na umwombe akusimulie alichosikia. Akielewa anaposomewa lakini akakwama anaposoma mwenyewe, kinachomshinda ni kuoanisha herufi na sauti. Akitamka vizuri bila kuelewa, hata anaposomewa, anachokosa ni msamiati. Naisisitiza hatua hii kwa sababu nimewaona wanafunzi wakichezeshwa michezo ya herufi kwa miezi kadhaa, ilhali walichohitaji ni maneno.

Anayekwama kwenye sauti aanze na tovuti ya Starfall, ambako hubofya herufi au neno akasikia linavyotamkwa. Kumbuka kwamba aliyezoea maandishi ya Kiswahili hutarajia kila herufi isikike, nacho Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma "night" kuwa "nigiti", na hakuwa mzembe, bali alifuata kanuni aliyoijua. Tuliandika night, light na right kwa safu, tukapigia mstari igh, tukaisikiliza mara kadhaa kama sauti moja, na siku ya tatu akaisoma "bright" bila kuambiwa.

Anayekosa msamiati apelekwe StoryWeaver, yenye hadithi za bure zilizopangwa kwa ngazi, baadhi zikiwa pia kwa Kiswahili. Asome kwanza ya Kiswahili, ndipo afungue ya Kiingereza, kwa kuwa akishakijua kisa hubakiwa na kazi ya maneno peke yake. Ukurasa mmoja ukiwa na maneno matano asiyoyajua, mshushe ngazi.

Kisha, kwa wote wawili, chagua hadithi yenye sauti. Mara ya kwanza asikilize huku akifuatisha maneno kwa kidole, mara ya pili asome sambamba na sauti, na mara ya tatu aizime asome mwenyewe. Mrekodi kwa simu mwanzoni na mwishoni mwa wiki, umpe asikilize tofauti.

Watu wazima huona haya kupewa hadithi za watoto. Kwao natumia ReadWorks, yenye makala fupi za sayansi na historia. Vipindi viwe vya dakika 15 hivi kila siku, na msihamie maandishi mapya kabla hajayasoma haya bila kusita.