Jinsi ya kuchunguza "mzimu" ulionaswa na kamera: hatua kwa hatua, kutoka kwa fundi wa CCTV Kisumu

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kamera za usalama hapa Kisumu, na mara nyingine huitwa hadi Kakamega na Nakuru. Mteja anapopiga simu alfajiri akisema kuna mtu mweupe amepita getini bila geti kufunguka, anachotaka kujua ni kama familia yake ilale hapo leo. Anastahili jibu la kweli, na jibu hilo hupatikana kwa kazi ya mikono.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Mei 2008, huko Kisii, watu wasiopungua 11 waliuawa kwa kuchomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wakauawa vivyo hivyo. Tuhuma tupu zilitosha. Video ya sekunde nane yenye kivuli cheupe, ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na mtu mmoja akaandika kwamba huyo ni jajuok, yaani mchawi, na anamjua, inaweza kumfikisha bibi kizee fulani pabaya kabla ya jioni. Kwa hiyo chunguza upesi, na chunguza vizuri.

Kanuni ninayoifuata ni hii: picha hupimwa kwa kuipiga upya. Kamera ileile, pahali palepale, saa ileile. Ukiweza kuuleta huo "mzimu" mwenyewe kwa kitu unachokijua, umepata jibu. Usipoweza, ulichonacho ni dhana tu, hata kama ni dhana nzuri.

Hatua ya 1: Pata faili asilia

Video iliyokufikia kwa WhatsApp imeshabanwa. Mtu aliyekuwa na mikunjo ya shati amebaki doa lenye kingo za mraba mraba, na taarifa zilizokuwa ndani ya faili, kama saa na aina ya simu, zimeondolewa. Kama ilipigwa kwa simu, mtafute aliyeipiga mwenyewe, umwombe aitume kama dokumenti. Kama ni ya CCTV, nenda na flashi diski mpaka kwenye DVR, ile mashine inayohifadhi video za kamera, na unakili nusu saa kabla ya tukio na nusu saa baada yake. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu diski ikijaa DVR hurekodi juu ya siku za zamani.

Usikubali video ya skrini iliyorekodiwa kwa simu. Kioo cha skrini huakisi aliyeshika simu, na "uso ukutani" unaweza kuwa wake.

Hatua ya 2: Sahihisha saa

Watu wengi huiruka hatua hii. DVR nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimetengenezwa China, na fundi asipopanga saa, mashine inaweza kubaki na majira ya kule, UTC+8. Sisi tuko UTC+3. Tofauti ni saa tano kamili. Video inayosomeka 03:10, saa tisa na dakika kumi usiku, saa ambayo ploti nzima imelala, kumbe ilirekodiwa saa nne na dakika kumi, wakati mpangaji wa chumba cha nyuma anatoka kuanua nguo. Betri ndogo iliyo ndani ya DVR nayo ikifa, stima ikipotea saa huanza upya na tarehe huwa ya miaka mingi iliyopita.

Kupima ni rahisi. Simama mbele ya kamera, angalia saa ya simu yako, piga makofi mara tatu, kisha urudishe video nyuma uone DVR imeandika saa ngapi. Andika tofauti hiyo kwenye daftari, halafu waulize watu walikuwa wapi saa iliyosahihishwa. Ukiwauliza saa ya kwenye skrini, wote wataapa kwamba walikuwa kitandani, na watakuwa wanasema kweli.

Hapohapo angalia kama DVR inarekodi mfululizo au pale tu kitu kinaposogea. Ikiwa ni pale tu kitu kinaposogea, sekunde za mwanzo zinaweza kukosekana, na mtu huonekana katikati ya uwanja kana kwamba ametokea ardhini.

Hatua ya 3: Nenda pahali penyewe mchana

Panda ngazi uitazame lenzi kwa karibu. Utando wa buibui, tone la maji lililokauka, mikwaruzo kwenye kifuniko cha plastiki cha kamera za kuba: vyote hivyo havionekani ukiwa chini. Vipige picha kabla ya kufuta chochote. Kisha mtume mtu asimame mahali "mzimu" uliposimama na umlinganishe naye kwenye skrini. Mzimu wa mita tatu mara nyingi ni mtu wa kawaida aliyekuwa karibu na kamera kuliko mlivyodhani.

Angalia pia kamba za kuanikia, leso zilizosahaulika nje, migomba, na vioo vya madirisha ya jirani vinavyoweza kurusha taa za bodaboda.

Hatua ya 4: Rudi usiku. Hapa ndipo penye kazi

Giza likiingia, kamera huwasha taa za infraredi, zile ndogo zinazoizunguka lenzi. Nyingi hutoa mwanga wa nanomita 850. Wewe utaona wekundu hafifu kwenye taa zenyewe tu, lakini kamera itaona uwanja mzima, kwa nyeusi na nyeupe. "Mizimu" mingi ya CCTV ninayoletewa huzaliwa hapo.

Fikiria umbali. Kitu kilicho sentimita 10 mbele ya taa kiko karibu mara 100 kuliko mtu aliye mita 10, na kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kinapigwa na mwanga mara 10,000 zaidi. Mguu mmoja wa buibui huwaka ukawa mkono mrefu mweupe. Na kwa sababu lenzi imelengwa mbali, kitu hicho hupoteza umbo lake. Huvimba kikawa duara au ukungu unaopitisha vilivyo nyuma yake. Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufunika balbu zote za baraza. Usiku wao wakija, kamera za Dunga na Nyalenda hujaa "roho" zinazoruka.

Lifanye jaribio hili. Chukua uzi mweupe wa kushonea wa sentimita 15 hivi, ubandike kwa selotepu kwenye kofia ya kamera uning'inie mbele ya lenzi, kando kidogo. Mtu akae kwenye ngazi akiupepea taratibu kwa kadibodi, nawe kaa kwenye skrini pamoja na mwenye nyumba. Kitainuka kitambaa cheupe kutoka ardhini hadi juu ya paa, kitapinda kiunoni, kitapita mbele ya ukuta, kitapita na geti lililofungwa, na matofali yataonekana kupitia mwili wake. Mwambie mwenye nyumba aiweke video yake kando ya hiyo.

Baada ya hapo irudie video ya awali polepole, picha moja baada ya nyingine, ukijiuliza swali moja: je, kuna kitu chochote kinachokikinga? Mtu anayetembea uwanjani hupita nyuma ya nguzo, nyuma ya gari, nyuma ya tangi la maji. Kitu kinachopita mbele ya vyote, hata vilivyo hatua mbili kutoka kwenye kamera, kiko kwenye lenzi. Ndiyo maana geti halikufunguka.

Ikiwa kinakingwa na nguzo, basi kweli kilikuwa uwanjani, nawe una kazi ya aina nyingine. Angalia nguo. Vitambaa vingi vyeusi, hasa vya nailoni na poliesta, hurudisha infraredi vizuri na kutokea vyeupe au kijivu. Soja mwenye koti jeusi anaweza kuonekana kavaa sanda. Mwombe akuletee koti lenyewe, alivae, apite palepale. Usimalize kesi kwa maelezo ya mdomo wakati koti lipo.

Angalia macho pia. Mbwa, paka, mbuzi na komba wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga; binadamu hana. Macho mawili yanayowaka juu ya mti kisha yakahamia mti mwingine kwa mruko mmoja ni komba, na sauti yake ya kulia kama mtoto huwazidishia watu hofu. Bundi wa zizini ana tumbo jeupe na huruka bila kusikika. Najua bundi ana habari zake kwetu, na sikwambii umbishie mzee anayemwogopa. Mwonyeshe mabawa.

Hatua ya 5: Mtu wa kupenyeka

Kuna video ambazo mtu ana miguu, ana kivuli, anapita nyuma ya nguzo, lakini ukuta unaonekana kupitia kifua chake. Gizani kamera huiacha shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, na anayetembea hupakwa kwenye picha. Zaidi ya hapo kuna mpangilio wa kupunguza chengachenga, unaoandikwa DNR kwenye menyu. Huo huchanganya picha kadhaa zilizofuatana kuwa moja. Ukuta uliotulia hutoka safi. Mtu anayekwenda huachwa nusunusu, na mkia nyuma yake. Upandishe hadi mwisho, pita mbele ya kamera, utajiona ukipenyeka. Uzime, pita tena, nyama imerudi.

Jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1856 mwanasayansi David Brewster wa Scotland alieleza jinsi ya kutengeneza picha ya mzuka kwa makusudi: mtu asimame mbele ya kamera sekunde chache kisha aondoke, lenzi ikiwa bado wazi. Miaka michache baadaye William Mumler wa Boston alikuwa akiwauzia wafiwa picha zenye marehemu wao nyuma. Alishtakiwa New York mwaka 1869 na kuachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Wateja wake walikuwa watu wenye majonzi, kama wengi wanaotuletea video hizi.

Hatua ya 6: Kama ilipigwa kwa simu

Duara nyeupe zinazoelea kwenye picha ya matanga ni vumbi au matone ya mvua yaliyopigwa na flashi. Rusha vumbi kidogo la uwanja mbele ya simu usiku, upige kwa flashi. Doa la kijani linalomfuata mtu ni mwangwi wa taa ndani ya lenzi: chora mstari kutoka kwenye taa kupitia katikati ya picha, nalo litakuwa upande wa pili. Kichwa kilichokatika kwenye picha pana (panorama) ni mtu aliyesogea wakati simu inaunganisha vipande.

Nakuru huletwa sana picha za kreta ya volkeno ya Menengai alfajiri, za watu weupe wanaosimama na kuyeyuka. Pale kuna mvuke wa jotoardhi unaotoka ardhini, na baridi ya asubuhi huuonyesha zaidi. Nenda alfajiri nyingine yenye baridi, urudi tena adhuhuri.

Sura kwenye majani au ukutani igeuze juu chini. Ikipotea, ni jicho letu lililoitunga. Mwaka 1976 chombo Viking 1 kilipiga kilima cha sayari ya Mirihi (Mars) kilichoonekana kama uso wa mtu. Picha kali zaidi za 1998 na 2001 zilionyesha kilima tu.

Ziko pia programu za simu zenye mizuka tayari ya kubandika. Itafute picha kwa Google Lens. Mzuka uleule ukiutokea ukumbi wa Brazili, umemaliza.

Hatua ya 7: Toa jibu

Weka video mbili bega kwa bega, ya kwao na ya kwako, na uandike chini: kamera gani, saa iliyosahihishwa, umetumia nini. Mfiwa anayeamini amemwona mumewe mwonyeshe faraghani, kwa utulivu, mkae mpaka amalize maswali yake. Usimcheke wala usimharakishe.

Usipofaulu kuirudia, sema haijaelezeka, taja ulichojaribu, na utunze faili asilia. Kutoelezeka hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kutaja jirani.

Na kama jina la mtu limeshatajwa, jibu lako lirudi kwenye kundi lilelile video ilikoanzia, na nakala zote mbili zifike kwa mzee wa mtaa na chifu siku hiyohiyo, kabla jua halijatua.