Namna ya kuendesha feloshipu ya shule isije ikafa fom foo wakiondoka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii kuna madogo kama watatu wameniuliza jinsi ya kuamsha chama chao cha Kikristo shuleni, wanasema mwaka jana kilikuwa moto kweli kweli, ukumbi unajaa hadi watu wanasimama madirishani, alafu fom foo wakamaliza mtihani wao Novemba, Januari shule inafunguliwa wakajikuta wamebaki kumi na moja na kibodi isiyowaka. Mi nilikuwa katibu enzi zangu nikiwa mwanafunzi, saivi ni mwalimu na ndo patroni wa chama, kwa hiyo hii kitu nimeiona pande zote mbili, naandika yale niliyoyaona yanafanya kazi na yale yaliyotuaibisha.

Cha kwanza jueni mko chini ya nani. Kwa Tanzania shule nyingi zina UKWATA, yani Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, hapo utakuta Walutheri, Waanglikana, Wamoravian na wengine, Wakatoliki wana TYCS yao, yani Tanzania Young Catholic Students, na CASFETA ni ya ndugu zetu wa TAG, yani Tanzania Assemblies of God, na walokole wengi wanaangukia huko. Shule kubwa vyote vipo, shule ndogo ya kata unakuta watoto wote wa Kikristo wako chumba kimoja na ndo hapo panahitaji akili, nitarudi hapo.

Ruhusa sasa. Msianze kukutana chini ya mwembe mkitegemea kwamba mambo ya Mungu hayaombewi ruhusa, yanaombewa. Tafuteni mwalimu mmoja awe patroni, na kama kuna wasichana tafuteni na matroni, sio lazima awe mtu wa kuhubiri, bora awe mtu anayepatikana. Andikeni barua kwa mkuu wa shule ipitie kwa patroni, mtaje siku, saa, chumba na nani anafunga mlango mkimaliza. Hiyo ya nani anafunga mlango mnaweza kuona ndogo lakini walimu wa zamu wanagombana na feloshipu kwa sababu ya madirisha yaliyoachwa wazi na viti visivyorudishwa kuliko sababu nyingine yoyote. Na msiguse prepo, ule muda wa kujisomea. Chama kinachokula muda wa prepo siku matokeo ya mock yakitoka mabaya ndo kitatajwa cha kwanza kwenye kikao cha walimu, nimekaa kwenye hivyo vikao naelewa ninachosema.

Alafu hakuna kumburuza mtu. Katiba ya nchi ya 1977 ibara ya 19 inasema mambo ya dini ni hiari ya mtu, sasa unakuta kaka mkuu wa bweni ni mpendwa anapita vitandani Jumapili asubuhi anawaamsha fom wani kwa kuwavuta mashuka, hao watoto watakuja mwezi mmoja kwa woga na baada ya hapo hutawaona tena mpaka wanamaliza shule.

Ratiba ya wiki isiwe na vitu vingi. Sisi tuna kile kipindi cha dini cha Ijumaa, tuna ibada ya Jumapili, na Jumatano nusu saa ya maombi kabla ya chakula cha jioni, basi. Zamani tulikuwa na kitu kila siku, maombi ya alfajiri, ya mchana, kwaya jioni, mkesha kila mwisho wa mwezi, na waliokuwa wanaweza kuhudhuria vyote walikuwa walewale sita ambao ndo viongozi, wengine wote walijiona hawajaokoka vizuri wakaacha.

Ila kitu ambacho kama mtachukua kimoja tu hapa mchukue hiki, vikundi vidogo vya kusoma Biblia. Mhubiri mgeni akija watu wanalia, wanaenda mbele, na Jumatatu hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Kikundi cha watu saba au nane wanaokutana Ijumaa hiyohiyo kwenye kipindi cha dini, wamechanganywa fom wani hadi fom foo, hicho ndo kinamjua mtu kwa jina na kinajua nani amepokea simu mbaya kutoka nyumbani. Kiongozi wa kikundi awe fom two au fom three, sio fom foo, fom foo akae pale kama mshauri tu na hii ni kwa makusudi kabisa, maana anaondoka.

Namna ya kuendesha ni rahisi. Chagueni kifungu kifupi, mfano Marko 4:35-41 pale Yesu anatuliza dhoruba, mistari saba tu. Kisomwe mara mbili na watu wawili tofauti, polepole. Baada ya hapo maswali matatu, nini kimetokea hapa, neno gani hujalielewa, na hiki kinagusa nini kwenye wiki yako. Swali la pili msiliruke hata siku moja. Wengi wetu tunasoma Biblia ya Union Version ya 1952 na kile Kiswahili ni kitamu lakini kina maneno yake. Kuna siku nimekaa nyuma ya kikundi kimoja, wamefika mstari wa 38, "amelala juu ya mto", dogo mmoja wa fom wani ambaye tangu Januari hajawahi kufungua mdomo akauliza sasa alilalaje juu ya mto bila kuzama, yani alikuwa anaona mto wa maji, Rufiji kabisa. Watu wakaanza kucheka. Yule dada wa fom three anayeongoza hakucheka, akasema hata mimi nilijua hivyohivyo mpaka fom two, huu ni mto wa kulalia, wa kichwani. Alafu akauliza kuna mwingine ana neno? Ikaja shetri. Hakuna aliyejua, na mimi patroni nikakaa kimya nikiombea nisiulizwe, mpaka kijana mmoja anayetokea Kilwa akasema itakuwa nyuma ya chombo huko, kwetu tunaita tezi, baba yake ni mvuvi, akawachorea jahazi ubaoni na kuwaonyesha nahodha anakaa wapi na kwa nini mtu aliyechoka angelala huko. Dakika kumi zimeenda kwa maneno mawili. Lakini yule wa mto Ijumaa iliyofuata alikuja wa kwanza, na sasa hivi yeye ndo anasoma vifungu kwa sauti, sauti yenyewe kama ya mtangazaji.

Kiongozi asihubiri. Ikifika amezungumza zaidi ya wengine wote basi kikundi kimeshakuwa ibada nyingine.

Maombi. Hapa nitasema kitu ambacho baadhi ya wapendwa hawatakipenda. Kufunga kwa wanafunzi kuwe na mipaka na patroni ajue. Miaka ya nyuma tulitangaza mfungo wa siku tatu, kwa moto tu wa ujana, hatukumwambia mtu yeyote, siku ya pili mstarini asubuhi binti akaanguka, na wa pili akaanguka, sisi tukakimbilia kukemea mapepo kwa sauti pale pale mbele ya shule nzima. Nesi alipofika akauliza swali moja tu, huyu amekula lini mara ya mwisho? Nilitamani ardhi inimeze. Siku hizi utaratibu wetu ni huu, anayefunga anaruka mlo mmoja na maji anakunywa, mwenye vidonda vya tumbo, pumu, selimundu au anayetumia dawa hafungi kabisa na hatumuulizi kwa nini, na wakati wa mitihani hakuna mfungo. Mtu akianguka kwenye maombi anatolewa nje kwenye hewa, anakaa na matroni, anaitwa nesi, wengine wanaendelea kuomba kwa sauti ya kawaida. Kuombewa ataombewa, hakuna anayekataa, ila sio kwa kuzungukwa na watu arobaini wanaopiga kelele maana nimeona mmoja akianguka na kelele zikipanda wanafuata watano.

Na mtu akikwambia jambo zito, labda anapigwa nyumbani, labda kuna mtu mzima anamsumbua, wewe mwenyekiti wa miaka 17 usilifanye ombi la kikundi. Muombe mwende wote kwa matroni au mwalimu wa malezi, siku hiyohiyo.

Kwaya na pambio sina mengi, zinajiendesha zenyewe, tatizo lake ni vyombo. Msikope kibodi kanisani bila maandishi. Na ngoma na makofi yanatosha kabisa, zile ibada tulizoimba tenzi bila umeme ndo ninazozikumbuka mpaka leo.

Nilisema nitarudi kwenye madhehebu. Kama mko chumba kimoja wote, kubalianeni mapema mambo ambayo hayatafundishwa pale mbele, kwetu ni matatu, ubatizo wa maji mengi au machache, kunena kwa lugha, na siku ya ibada ni Jumamosi au Jumapili. Sio kwamba hayana maana, kila mtu ataulizia kwa mchungaji au padri wake. Mkatoliki akisema Tumsifu Yesu Kristo jibuni milele na milele, amina, hamtakufa. Wasabato msiwapangie kazi Jumamosi alafu mkawaita wavivu. Na wenzenu Waislamu mnasoma nao, mnakula bwalo moja, mwezi wa Ramadhani jueni wanafuturu saa ngapi na msiwashe spika wakati huo, na mtu asisimame kwenye ibada yenu akaanza kuchambua dini ya watu. Ikitokea patroni amkatishe hapohapo, hata kama ni mgeni aliyekuja na gari.

Pesa. Mkiwa watu 40 na kila mtu akitoa 200 kwa wiki ni 8,000, kwa wiki 12 ni 96,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni hela na ndo inayovunja vyama. Mhazina aandike daftari, katibu aandike lake, kila Jumapili wanahesabu wawili mbele ya watu na hela inalala kwa patroni, hailali kwenye tranka la mtu. Nauli ya kongamano la Pasaka anzeni kuichangia Januari, kidogokidogo, msisubiri mwezi wa tatu alafu mkaenda wenye wazazi wenye uwezo tu. Na kila mwanafunzi aende na barua ya ruhusa ya mzazi, hilo halina mjadala.

Kuhusu huduma kuna mbinu ya TYCS naipenda sana na tumewaiga bila aibu, Ona, Amua, Tenda. Imetoka kwa padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyekuwa anawafundisha vijana wafanyakazi viwandani, baadaye 1965 akafanywa kardinali. Yani msianze na tufanye nini, anzeni na mmeona nini. Kikundi kimoja kiliona kuna fom wani wawili hawafui sare wikiendi. Wangeweza kuhubiri usafi. Wakauliza kwa upole wakakuta hawana sabuni, tangu wafungue. Wakaamua kila kikundi kinanunua mche mmoja wa sabuni kwa mwezi, unakatwa vipande vinakaa kwa matroni, anayeishiwa anaenda kuchukua bila kutangazwa ibadani. Gharama yake ni ndogo kuliko ile keki tuliyokuwa tunamkatia mgeni rasmi. Kingine ni kumfulia mgonjwa aliyelazwa na kumpelekea uji na notisi za vipindi alivyokosa, hizo notisi ndo zinamliza mtu kuliko mahubiri.

Mwisho makabidhiano, na hapa ndo vyama vingi vinafia. Msisubiri mahafali. Sisi uchaguzi ni Julai shule ikifunguliwa, fom three wanashika uongozi, fom foo wanabaki nyuma yao miezi yote hiyo mpaka Novemba, mtu akikosea anaonyeshwa akiwa bado ana wa kumuuliza. Vinavyokabidhiwa ni daftari la kumbukumbu, daftari la fedha, listi ya vikundi na majina, barua za ruhusa na funguo ya sanduku. Mwaka huu mhazina anayemaliza alimwaga sarafu mezani mbele ya yule mpya, wakahesabu mara tatu, ikawa inapungua 350. Binti anayemaliza akatoa hela yake mfukoni afidie, nikamkataza. Wakaandika kwenye daftari, 350 haijulikani ilipo, wakasaini wote wawili na mimi nikasaini, kengele ya chakula ikagonga wakaondoka na mabakuli yao.